Kipo au Hakipo

Nilifundisha Kiswahili zaidi ya miaka thelathini, nikastaafu na ugonjwa mmoja tu, wa kusahihisha watu. Saratani ya koo ilikuja baadaye. Mionzi iliiondoa, ikaondoka pia na besi yangu ya kwayani. Sauti niliyobaki nayo ni ya mlango wa banda la kuku. Ule ugonjwa wa kusahihisha, mionzi haikuugusa.

Kila baada ya miezi michache natoka Buganguzi kwenda Bukoba kutolewa damu. Inapelekwa mbali, kwenye mashine inayotafuta chembe za ule uvimbe, kwa kuwa zinaweza kuonekana kwenye damu kabla koo lenyewe halijaonyesha chochote. Majibu huja kwa simu. Mara ya kwanza nesi aliniambia, "Mwalimu, ni negative, usiwe na wasiwasi."

Badala ya kumshukuru Mungu, nilianza somo. "Binti yangu, Kiswahili kinalo neno. Kama hakuna kitu, sema hasi. Kama kipo, sema chanya."

"Sawa, Mwalimu," akasema.

Mara ya pili akatii. Nilikuwa uani nageuza kahawa kwenye mkeka simu ilipoita. "Shikamoo, Mwalimu. Majibu yako ni hasi."

Nikakata simu bila hata kuitikia shikamoo. Maisha yangu yote hasi lilikuwa neno la mabaya: tabia hasi, mawazo hasi, matokeo hasi. Somo langu lote likanitoka kichwani, nikakaa juu ya kahawa. Mke wangu akatoka migombani, panga mkononi, akauliza wamesemaje.

"Ni hasi," nikamwambia.

Yeye aliishia darasa la saba, lakini uso wangu aliusoma vizuri tu. Akakaa kwenye kahawa na yeye, akalia.

Niliogopa sana, na mtu mwenye hofu huropoka. Nikaungama kwake kwamba ule mgomba aliopewa mche wake na marehemu mama yake haukuliwa na mbuzi wa jirani. Niliukata mimi nikipalilia, miaka ishirini iliyopita, na kwa miaka yote hiyo nimemwacha jirani abebe lawama. Mke wangu akaacha kulia. Akachukua simu, akampigia nesi yeye mwenyewe.

"Waitu, tafadhali, mwanangu, maneno ya Mwalimu mimi siyajui. Hicho kitu kipo au hakipo?"

"Hakipo, mama. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyenifundisha kusema hasi."

Saratani haikuwapo, ila maungamo yalibaki. Wiki nzima nilikula ndizi zisizo na chumvi, na siku ya Jumapili nilipelekwa kwa jirani kuwaomba radhi yeye na, kwa amri ya mke wangu, mbuzi zake. Tangu hapo simu ya majibu anapokea yeye. Hasaidiwi, hasahihishwi. Anauliza kipo au hakipo, anashukuru, anakata, ananiambia, "Hakipo, nenda ukageuze kahawa." Nimeyasikia maneno hayo mara nne, na sijawahi kusikia Kiswahili kizuri kuliko hicho.

Juzi nesi alipiga tena. Mke wangu aliuliza swali lake kama kawaida, akasikiliza, akasikiliza zaidi, akasema tutakuja Jumatatu kupiga picha ya koo. Akaja kukaa karibu yangu kwenye benchi, akanishika mkono. Nilimwona anatafuta neno. Lile lake la siku zote lilimshinda kulitoa mbele yangu, akaazima langu.

"Mwalimu," alisema taratibu, "wamesema ni chanya."

Alikuwa amelitamka vizuri kabisa. Nami, kwa mara ya kwanza tangu nishike chaki, nikaomba mwanafunzi wangu awe amekosea.