Ukuta ya Mulevi

Kule mutaa wa Bwiza kulikuwa biro moja ya serikali, ile watu wanaendaga kuandikisha watoto, na ukuta yake ya mbele ilipinda. Barabara inaenda huku, ukuta inaenda kule, kama watu wawili waliogombana! Basi wakaiita Ukuta ya Mulevi.

Sasa mwenye kuijenga, wakati wa Wabeleji, alikuwa muzee Seifu, baba ya fundi Tajudini. Mutu wa swala tano, hajaonja hata tone ya pombe! Tajudini akisikia ile jina, roho inamuchoma.

Mwaka wa 1998, vita iko, embargo iko, vitu haviingii inchini, simenti inatafutwa kama dawa, grenade ikapasua kona ya ukuta. Enjenia Melchior akatumwa kuitengeneza, akapewa Tajudini kama fundi. Akapiga vijiti chini, akavuta kamba sambamba na barabara, akacheka.

"Fundi, tunabomoa yote, tunajenga droite, inyooke na barabara. Baba yako siku ile alikunywa ngapi?"

Mama Adija, mwenye kuuza sambusa pale mulangoni, akadakia: "Chai ya tangawizi, enjenia! Njo inalewesha Waislamu!"

Watu wakavunjika mbavu. Tajudini apana. Hii ukuta ikianguka, nani tena atasafisha jina ya muzee?

"Enjenia, niachie nitengeneze kona tu."

"Apana. Kesho unabomoa."

Kesho yake, Tajudini kashika nyundo, hata hajapiga mara moja, mvua ikaanguka. Si unajua mvua ya kule! Maji yakashuka kutoka mulimani, upande wa Gihosha, mekundu, na matope, na sandali ya mutu fulani juu. Yakabeba vijiti vya enjenia, yakabeba na kamba. Yakafika kwenye ukuta, watu wakashika vichwa... halafu yakateleza tu kandokando yake, polepole, kama mugeni anayeonyeshwa njia, yakaingia kwenye mufereji. Mulango, kavu. Ndani, mabuku yenye majina ya watoto wote wa Bwiza, kavu!

Tajudini akaacha nyundo ianguke. Kumbe! Muzee hakufuata barabara. Alifuata maji.

Melchior alisimama pale, viatu vimejaa matope, anatazama mahali kamba yake ilikuwa.

"Ningejenga droite," akasema, "yangeingia yote ndani."

"Weee enjenia!" Mama Adija akapiga makofi. "Kumbe mulevi ilikuwa kamba yako!"

Safari hii Tajudini alicheka mupaka machozi.

Kona ilikula mifuko miwili tu ya simenti. Hakuvuta kamba: alimwaga ndoo ya maji chini, akaangalia yanaenda wapi, akapanga tofali. Melchior njo alimubebea ndoo.

Jina, watu hawakuibadilisha. Lakini ukimuuliza Tajudini anapatikana wapi, yeye mwenyewe, kifua mbele, atakuambia: "Fika pale Ukuta ya Mulevi, uliza mutoto wa Seifu."