Msasa Uliopitiliza

Tangu saa mbili asubuhi Mzee Khoan na mkewe Bi Nhan walikuwa wakiikanyaga Hanoi kwa miguu, kwenye yale manyunyu ya baada ya mwaka mpya yasiyonyesha wala yasiyokoma. Teksi haikuwa ya kuzungumzia: Bi Nhan akishanusa viti vya gari tu, tumbo linapanda mpaka kooni. Pikipiki kaichukua mtoto wao kwenda nayo kazini. Basi ni miguu, na miguu yenyewe ndiyo hiyo, ya watu waliokwishavuka sitini.

Walikuwa wanatafuta picha moja tu. Walishazunguka jumba la makumbusho, ngazi za kupanda na ngazi za kushuka, walinzi wakimkemea Mzee Khoan kila alipoinua mkono kutaka kugusa ubao wa picha. Walishapita kumbi tano za maonyesho. Haipo. Fundi mwenzake aliyempa habari alijua kuwa watoto wa marehemu Mwalimu Dac wameitoa picha hiyo iuzwe, na kwamba keshokutwa inafungwa kwenye sanduku kwenda ng'ambo kwa mnunuzi. Jina la ukumbi, jamani, ndilo alilolisahau! "Una mlango wa manjano," alisema. Mtu akuambie hivyo katika mji uliopakwa manjano kutoka kona hadi kona.

"Na ukishaiona, iweje?" Bi Nhan aliuliza, kwa mara ya nne siku hiyo.

"Nijue tu."

"Ujue nini?"

"Kama nilistahili kuona haya miaka yote hii."

Mzee Khoan ni fundi wa msasa. Picha anazosugua ni za utomvu wa mti: msanii huzichora juu ya ubao, akaufunika mchoro wote kwa utomvu mweusi, akaacha ukauke. Halafu anakuja mtu kama Khoan, na maji, na msasa, na kiganja chake, anasugua taratibu mpaka picha inaibuka kutoka chini ya weusi. Ukisugua kidogo, haionekani. Ukipitiliza, umeila, na hairudi. Jina linaloandikwa pembeni ni la msanii. Msuguaji haandikwi popote. Anabaki na vidole vilivyolika mpaka havina alama.

Miaka thelathini na nne iliyopita alikuwa akisugua kwa Mwalimu Dac, aliyemfunza kazi tangu ana miaka kumi na saba. Siku moja akapewa picha ya mwanamke anayeosha mboga bwawani. Siku hiyo Bi Nhan alikuwa hospitali, uchungu siku ya pili, mtoto kagoma kutoka. Mkono wa Khoan ulikuwa juu ya ubao, roho haikuwapo. Alipokuja kushtuka, bega la yule mwanamke limekwisha. Msasa umepita weusi, umepita rangi ya ngozi, umefika kwenye utando mwembamba wa madini ya fedha uliolazwa chini kabisa. Mwalimu Dac akaja, akatazama. Aliugeuza ubao ukaelekea ukutani, akatoka nje. Khoan akakusanya vifaa vyake, akaenda zake, asirudi tena. Tangu hapo amesugua mabakuli na vijisanduku vya kuuzia watalii. Mwalimu alipofariki, mwaka juzi, Khoan hakwenda kuzika. Hebu fikiri! Mtu kakushika mkono tangu ujana, na kumzika humziki, kwa haya tu.

"Kwa hiyo kosa ni langu," Bi Nhan alisema, wakiwa wanavuka barabara katikati ya pikipiki. "Ningezaa upesi, leo tungekuwa nyumbani tunakula wali."

"Sijasema hivyo."

"Hujasema, lakini unanitembeza kama uliyesema."

Ukumbi wa sita ulikuwa wa wasanii vijana. Ukutani hamna kitu. Katikati ya sakafu pana viti vidogo vya plastiki vya buluu, vile vile vya wauza supu ya tambi, vimepangwa duara. Bi Nhan hakuuliza mtu. Alijitupa juu ya kimoja, akavua kandambili, akaanza kukanda kisigino.

"Bibi! Samahani, bibi, simama!" Msichana wa ukumbi alikuja mbio, macho yamemtoka. "Hiyo ni kazi ya sanaa!"

"Ipi?"

"Hiyo uliyoikalia!"

Bi Nhan alikiinamia kiti, akakitazama. "Mwanangu, hivi mimi ninavyo kumi na viwili nyumbani. Njoo uvibebe vyote, ila hiki niachie nipumzike."

Msichana alitaka kukasirika, kicheko kikamshinda. Alimwacha akae. Tena ni yeye aliyejua mlango wa manjano: nyuma ya duka la hariri, mtaa wa pili, kwa Dada Diem. Mzee Khoan aliposikia jina hilo alishika ukuta. Diem ni binti wa Mwalimu. Mara ya mwisho kumwona alikuwa mtoto wa miaka minane.

Sasa ni mwanamke mzima mwenye mvi mbili tatu, na hakumtambua. Aliwakaribisha kama anavyokaribisha yeyote, akawaletea chai. Mzee Khoan hata hakuigusa. Picha ilikuwa ukuta wa mwisho.

Utomvu nao una tabia yake: ukiwa mchanga ni mweusi tii, miaka ikienda unafunguka, unaanza kupitisha mwanga. Maji ya bwawa yalikuwa yamegeuka rangi ya chai. Na pale begani, pale pale alipopitiliza, fedha ilikuwa inawaka, kama mwanamke kaibuka majini sasa hivi na jua limempata hapo tu. Ilikuwa nzuri. Mzee Khoan alichukia kwamba ilikuwa nzuri.

"Kila mtu anasimama hapo hapo, mzee wangu," Diem alisema nyuma yake. "Kwenye bega. Na baba hakulifanya yeye, alikuwa akisema wazi. Lilifanywa na fundi wake wa msasa. Baba alijaribu kulirudia, akaharibu mbao kumi na moja. Hii hakukubali iuzwe maisha yake yote."

"Na huyo fundi?" Bi Nhan aliuliza. "Mbona hakumwita?"

"Mwalimu amfuate mwanafunzi, mama? Baba yangu? Thubutu!" Diem alicheka kidogo, halafu akaacha. "Alimngoja. Siku ya tatu ya mwaka mpya, si ndiyo ya kwenda kuwasalimu walimu? Wanafunzi wake walikuja wote asubuhi, wakanywa chai, wakaaga. Sisi tunataka kutoka naye, yeye hatoki. Amekaa na birika mpaka jioni. Ukimuuliza, 'Bado mmoja.' Hata mwaka ule aliokufa, mgonjwa hoi, alivaa koti akakaa."

Bi Nhan alimgusa mumewe kiwiko. "Mwambie."

Mzee Khoan hakugeuka.

"Nilikuja," alisema. "Miaka tisa ya mwanzo nilikuja, kila mwaka. Nilifika mpaka kwenye kona ya uchochoro wenu, pale kwa kinyozi, na machenza ya kumpa mkononi. Nikaona viatu vya wenzangu vimejaa mlangoni. Nikarudi."

Diem aliweka mkono mdomoni.

"Mimi uliniambia unakwenda kwa kaka yako," Bi Nhan alisema polepole. "Na yale machenza?"

"Niliyala pale pale kwa kinyozi," Mzee Khoan alisema. "Yote. Ndipo nikarudi nyumbani."