Mkuki wa Baba Mkwe

Miaka ile maduka yalipokuwa na rafu tupu, kwetu upande wa Butiama hapakukosa wageni. Baba alikuwa mhunzi, na babu kabla yake. Wizi wa ng'ombe ulikuwa umepamba moto, kila mwanamume alitaka mkuki, na mkuki mzuri ulitoka kwa baba. Lakini maji yetu hawakunywa. Wakulima na wafugaji wa kwetu hawakula kwa wahunzi wala hawakuoana nao. Walisema moto wetu una mkosi. Mkosi huo haukuwazuia kulala na mikuki yetu pembeni. Nilikuwa nawacheka sana, mpaka nikampenda kijana wa Guta na baba yake akaapa hatakuwa na mkamwana wa kihunzi. Kicheko kikaniisha.

Kisha wezi wakaingia zizini kwa mzee huyo mwenyewe. Akaja asubuhi na kipande cha springi ya lori, chuma cha kutafutwa kwa tochi siku hizo. Kwa baba, mwenye chuma alikaa palepale mpaka kazi iishe, asije akasema amebadilishiwa. Basi mzee akakaa kwenye gogo karibu na mivukuto ya kupulizia moto, akiniona nikipita na makaa. Nilipita mara nyingi kuliko moto ulivyohitaji.

Springi ile ilikuwa kaidi. Jua likapita utosini, mkuki bado. Mama akaandaa ugali wa muhogo na mlenda, akaweka na sahani ya mgeni, kama kawaida yake, ingawa haikuwahi kuguswa.

"Karibu chakula, baba," nikasema.

"Sisi hatulagi kwa wahunzi," akajibu, macho yakiwa kwenye bakuli la mlenda.

Baba hakumbembeleza. Alimega tonge, akachovya, akakunja uso. "Hauna chumvi huu. Dukani hakunaga siku hizi."

Mzee akaingiza mkono kwenye koti, akatoa kifurushi cha gazeti. Ilikuwa chumvi ya kupeleka nyumbani kwake, aliyoipangia foleni Bunda. Akakifungua, akanyunyiza kwenye bakuli letu, akakoroga mwenyewe.

"Haya, ninawishe, mkamwana," akaniambia.

Nikachukua birika. Kwa furaha nilimimina ovyo hadi nusu ya maji ikaingia kwenye viatu vyake.