Siku Mwalimu Alipojisikia

Wifi yangu, mdogo wa mume wangu, ni msusi, na mdomo wake una kasi kuliko vidole vyake. Lakini mpe kalamu uone! Mtu ameshinda tangu asubuhi kwenye vichwa vya watu, jioni vidole vimekakamaa, ataandika nini? Mwalimu yuko ukurasa wa tatu, yeye bado anapigia mstari kichwa cha somo.

Alikuwa anasomea kuuza dawa, chuo kilicho juu ya duka la vioo. Mtihani alikuwa ameshaanguka mara mbili, na ukianguka ya tatu, chuo kinakuaga. Mimi sikumwonea haya.

"Wifi, rudi tu kwenye nywele zetu. Dawa waachie wenyewe."

"Wifi, huo mdomo wako ndio ugonjwa. Ngoja nifuzu nikupatie tiba."

Ndivyo tulivyo, hatuwezi kukaa bila kuchokozana. Lakini moyoni niliogopa kuliko yeye. Miguu yake ilikuwa inavimba kwa kusimama, daktari kamwambia atafute kazi ya kukaa, na duka moja la dawa lilikuwa limemwekea nafasi mpaka mtihani huo tu.

Basi akamnyang'anya mume wangu kile kidude chake cha kusikilizia muziki, kidogo kama kiberiti, chenye kitufe cha kurekodi sauti. Nyimbo za kaka mtu zikafutwa zote ili somo lipate nafasi, tena bila hata samahani. Mume wangu alinuna siku mbili.

Kila kipindi wifi alikiweka mezani kwa mwalimu. "Shikamoo mwalimu, naomba nirekodi." Kesho yake anakichomeka kwenye spika ya saluni, mikono ikiendelea kusuka. Mimi huwa nasaidia pale kuosha nywele, kwa hiyo niliyasikia yote: "Dawa hii, yaani, isitolewe, yaani, kwa mtoto wa, yaani..." Halafu ghafla mwalimu anatimua mbio, kipimo cha mtoto na cha mtu mzima vinapita vimekumbatiana, hujui kipi ni kipi. Mteja mmoja, kichwa kimesukwa nusu, akahesabu "yaani" sitini na mbili kwa robo saa. Tulicheka mpaka machozi. Tukambatiza Mwalimu Yaani.

Wifi peke yake hakucheka. Alirudisha pale pale kwenye vipimo mara saba, kisha akaketi chini, kitana mkononi.

"Wifi, miaka yote hii nilidhani mimi ndiye mjinga. Kumbe hapa hakuna kilichosemwa." Akaanza kulia.

Loo, mori ukanipanda! Nikachomoa kile kidude, nikamvuta mkono. "Twende kwa huyo Yaani wako."

Tulimkuta ofisini anasahihisha karatasi, mtu wa makamo, shati limepigwa pasi likapigika. Nilikuwa tayari kumpa vidonge vyake. Wifi akanifinya, akasema kwa upole, "Mwalimu, kuna mahali sielewi. Naomba usikilize mwenyewe." Akampa visikilizio vya masikioni.

Mtu mwenye maringo tunasema anajisikia. Huyu siku hiyo alijisikia kweli. Mwanzo alitabasamu. Baadaye akakunja uso.

"Huyu nani?"

"Ni wewe, mwalimu."

"Mimi nasema yaani kiasi hiki?"

"Kidogo tu," akajibu wifi, mwongo mkubwa.

Mwalimu akavua miwani. "Miaka kumi na moja," akasema, "nawaambia watu hawasomi." Hasira zangu zote zikaisha, nikamwonea huruma, hata nikaudhika kwamba namwonea huruma.

Jumamosi akaja saluni mwenyewe. Akakaa chini ya kikaushio, kidude mapajani, akaanza upya somo la vipimo. Akitaka kukimbia, wateja wanamrudisha: "Pole pole, mwalimu, hatufukuzwi!" Akiteleza na "yaani", saluni nzima inaguna, anafuta, anaanza tena. Alirekodi mara nne. Ile ya nne hata mimi niliielewa, na mimi shule niliikimbia mapema. Wiki hiyo darasa zima likaja kuomba nakala, na darasani pia mwalimu akafundisha hivyo hivyo mpaka mtihani.

Siku ya matokeo tulipanda ngazi tumeshikana mikono. Karatasi ilibandikwa mlangoni. Wifi akafumba macho. "Nisomee wewe."

Nikasoma. Nikapiga kigelegele mpaka muuza vioo akapanda juu kuuliza ni kipi kimevunjika. Amepita! Na si yeye tu: kati ya watu kumi na tisa, kumi na saba walipita. Mwaka uliotangulia walipita watano.

Mwalimu alikuwa amesimama nyuma kabisa, anajifuta jasho, hathubutu kuisogelea ile karatasi. Wifi akapenya katikati ya watu, na miguu yake hiyo iliyovimba, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mwalimu," akamwambia, "umefaulu."