Mpira Uliotoka Chini Chini

Wanafunzi wangu wote wa gofu, siku ya kwanza mchangani, hufanya kosa lile lile: wanaupiga mpira. Nawaambia kabla hawajashika fimbo, nawaambia tena wakiwa wameishika, na bado macho yao yanaganda kwenye kile kiduara cheupe na mikono inayafuata macho. Mchangani huupigi mpira. Unapiga mchanga ulio nyuma yake, upana wa vidole viwili hivi, na ule mchanga ndio unaoubeba mpira na kuutoa. Ukigusa mpira kwanza hauendi juu. Unatoka chini chini kwa kasi, na hakuna anayejua utaishia wapi.

Nilijifunza hayo nikiwa chuo cha ualimu Morogoro. Siku za Jumamosi nilikuwa nabeba mifuko ya wachezaji kwenye klabu moja ya gofu nipate ya sabuni, na mama mmoja niliyekuwa nambebea akapenda kunifundisha kila tulipomaliza. Nilipopangiwa sekondari huku Kidodi, akanipa fimbo zake za zamani na ndoo ya mipira iliyookotwa majanini. Nilikuja navyo kwenye basi, watu wakiniuliza kama ni vyuma vya kujengea.

Uwanja wa gofu hatuna. Tuna miwa. Miwa imetuzunguka mpaka nyuma ya vyoo vya shule, na msimu wa kuvuna, miwa ikichomwa, masizi yanaanguka kwenye madaftari. Lakini mto Ruaha ukipungua maji unaacha ufuko mpana wa mchanga safi, na ng'ambo moja ya ufuko huo kuna kingo ndefu ya udongo mwekundu, imesimama kama ukuta. Nikaona hapo panatosha. Wenzetu huanza na majani, sisi tukaanza na mchanga. Niliwapanga wanafunzi wakitazama ile kingo, mpira ukikosewa unagonga udongo na kuanguka. Nyuma yetu, upande wa pili, kulikuwa na njia ya miguu wanayopita akina mama wakitoka mashambani. Njia ile niliijua. Ndiyo maana tuliipa mgongo.

Katika kundi langu kulikuwa na msichana wa kidato cha tatu, mrefu, mkimya, anayeishi na mjomba wake kwenye nyumba za zamani za wafanyakazi wa mashamba. Miguu anaichimbia vizuri mchangani, uso wa fimbo anaufungua utazame juu ninavyotaka, mpira anauweka karibu na mguu wa mbele. Tatizo lake lilikuwa moja. Fimbo ikishuka vizuri, ikikaribia mchanga anafunga breki. Mchanga unaruka kidogo, mpira unajigeuza na kubaki pale pale.

"Usisimamishe mkono," nilikuwa namwambia. "Maliza. Fimbo iishie begani."

"Ndiyo, mwalimu," anajibu, halafu anasimamisha tena.

Nilikuwa nimemwomba mkuu wa shule aniruhusu kuwapeleka wachache Morogoro wakacheze na wenzao. Alisema kwanza aje aone huo mchezo wenyewe. Alikuja jioni moja baada ya vipindi, wanafunzi wakambebea kiti cha plastiki, akaketi. Jua lilikuwa limeinama juu ya ile kingo na lilimpiga usoni, akawa anajikinga kwa mkono kama mtu anayetafuta ng'ombe mbali. Nikaona haya. Kwanza hata hakulalamika. Mimi ndiye niliyesema, "Mkuu, hamia huku kwenye kivuli," na kivuli kilikuwa chini ya kingo. Na kwa kuwa haiwezekani kumpigia mtu mipira usoni, nikawageuza wanafunzi.

Niliitazama njia. Haikuwa na mtu.

Wa kwanza na wa pili walitoa mipira vizuri, ikapanda na kuanguka laini, mkuu akapiga makofi. Ikaja zamu yake yule msichana. Akafunga breki. Akarudia, ikawa vile vile. Wenzake wakaanza kucheka na mkuu akatazama saa. Nikamwendea, nikamwambia kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Unaogopa nini? Mchanga haukuumi. Piga kama umekasirika."

Akapiga kama amekasirika. Sijui kama alikuwa amenikasirikia mimi, na kama ndivyo, alikuwa na haki. Fimbo haikugusa mchanga kabisa. Niliusikia ule mlio mkavu wa chuma na mpira, nikajua kabla sijauona.

Mama mmoja alikuwa ametokeza kwenye miwa na mzigo wa kuni kichwani, mkono mmoja ameuinua kuushika. Mpira ulimpata kwenye kiwiko cha mkono huo huo. Kuni zilianguka zote, halafu yeye akakaa chini taratibu, akiushika mkono kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa mwenzake.

Tulikimbia wote. Mkuu wa shule alifika akihema, suruali imejaa mchanga, akauliza, "Nani amepiga?"

Nikataja jina la mtoto.

Sikufikiri. Ndilo jambo linalonisumbua mpaka leo, kwamba sikufikiri. Ningefikiri kidogo ningesema ni mimi, mwalimu, niliyewageuza. Lakini kitu cha kwanza kilichotoka kinywani kilikuwa jina lake, na alikuwa amesimama hatua chache tu nyuma yangu, fimbo bado mkononi. Nilipogeuka aliinamisha kichwa. Hakulia. Alianza kuokota kuni.

Mkuu aliita bodaboda. Yule mama akakaa katikati, mimi nyuma yake nimemkumbatia asianguke. Barabara ilijaa malori ya miwa na kila tulipoingia shimoni nilisikia mwili wake ukikaza. Ni pale, katikati ya vumbi, nilipokumbuka kwamba nilikuwa nimemshika mtu mzima mwenye umri wa mama yangu na sikuwa nimemwamkia.

"Shikamoo, mama," nikasema mgongoni kwake.

"Marahaba, mwanangu," akajibu. Kisha akauliza, "Hicho kilichonipiga ni jiwe?"

"Ni mpira, mama."

"Mpira gani mgumu hivyo?"

Hospitali walimpiga picha, wakasema mfupa umepasuka, wakamfunga hogo la plasta kutoka juu ya kiwiko mpaka karibu na vidole. Ulikuwa mkono wa kulia. Alikuwa mjane, ana shamba dogo la miwa na bustani ya mchicha, na anaishi peke yake. Binti yake mmoja ameolewa Kisanga. Hayo niliyajua tukiwa kwenye benchi tukisubiri dawa. Alinieleza kwa upole kana kwamba mimi ndiye mgonjwa.

Kesho yake asubuhi niliingia ofisini kwa mkuu. Nikamwambia, "Jana nilikujibu vibaya. Aliyekosa ni mimi. Mimi niliwageuza."

"Uliwageuza kwa sababu yangu," akasema. "Tuyaache. Lakini mchezo huo usimame kwanza."

Alikuwa amenisamehe haraka sana na nilitoka bila nafuu. Nilimtafuta yule msichana wakati wa uji. Nikampeleka pembeni karibu na tangi la maji, nikamwambia yale maneno niliyoyapanga usiku kucha: kwamba kosa halikuwa lake, na kwamba sikupaswa kumtaja.

Alinitazama kama haelewi. "Lakini mwalimu, si ni kweli nilipiga mimi?"

"Ulipiga nilivyokuambia."

"Ndiyo," akasema. Akasubiri kuona kama nina jingine, kisha akaomba ruhusa akamalizie uji wake.

Jumamosi ile nilinunua sukari, mchele na sabuni nikaenda kwa yule mama. Nyumba yake iko mwisho wa njia, nyuma ya miwa ya jirani. Nilipobisha hodi, sauti iliyonikaribisha haikuwa yake. Yule msichana alikuwa uani, kanga kiunoni, anasugua sufuria kwa majivu. Ndoo za maji zilikuwa zimepangwa ukutani, zimejaa. Mchicha ulikuwa umemwagiliwa.

"Shikamoo, mwalimu," akasema bila kusimama, mikono imejaa majivu.

Yule mama alikuwa kwenye mkeka na mkono wake mweupe mapajani. "Karibu mwanangu, karibu. Mwenzio anakuja kila siku akitoka shule. Nimemfukuza, hafukuziki."

Nikaketi. Sikujua niweke wapi ile sukari. Nikaanza kuomba radhi, nikaeleza jua, kiti, kivuli, jinsi nilivyowageuza watoto, jinsi nilivyomwambia apige kama amekasirika. Niliongea sana. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Huyu naye alikuja na yake. Anasema ni yeye. Wewe unasema ni wewe. Mkono wenyewe ni mmoja, mnaugombania wa nini?"

Msichana alicheka kule uani, kicheko kifupi, mara ya kwanza kumsikia akicheka. Mimi nilijaribu kucheka nikashindwa.

"Mimi sina kinyongo," mama akaendelea. "Ila nakuuliza, njia ile hukuwahi kuiona?"

"Niliiona, mama."

"Haya," akasema. Akamwita msichana alete chai.

Lile "haya" nililibeba mpaka nyumbani. Angenigombeza ningelala.

Tangu siku hiyo tukawa tunakwenda wote. Msichana alichota maji na kupika. Mimi nilipalilia. Kilimo sikukizoea, nimekulia Kilosa mjini, baba alikuwa wa reli, na mara ya kwanza nilikata mche wa mchicha nikidhani ni gugu. Mama aliniona kutoka mlangoni. Jioni tulirudi pamoja, mwalimu na mwanafunzi, na njiani hatukuzungumza gofu hata kidogo. Alinieleza kwamba anataka kuwa muuguzi. Nilimweleza habari za chuo. Kulikuwa na siku nilitamani anilaumu kidogo, walau aninunie, nijue tumelipana. Alibaki na adabu ile ile.

Hogo lilipotolewa, mkono ulikuwa mwembamba na haukunyooka. Daktari alimwonyesha mazoezi, akayafanya, ukanyooka kidogo, ukagoma. Mzigo kichwani hawezi tena kuushika kwa mkono ule. Mwisho wa msimu alikodisha shamba lake, akahamia kwa binti yake Kisanga. Alisema alikuwa ameshafikiria kuhama kabla ya ajali, upweke umemchosha. Huenda ni kweli. Huenda alinisemea hivyo ili nipumzike. Sijawahi kupata njia ya kumuuliza.

Mwaka uliofuata mto ulipopungua, mkuu wa shule mwenyewe ndiye aliyeniuliza kuhusu ule mchezo. Nilikataa. Akaniuliza tena baada ya wiki, wanafunzi nao wakaniuliza, nikakubali kwa masharti yangu. Mipira yote inapigwa kuelekea kingo, awepo mkuu wa shule au awepo waziri. Na mtu mmoja anasimama njiani na kitambaa, akikishusha hakuna anayeinua fimbo.

Yule msichana hakuja. Sikumwita. Nilikuwa nafundisha huku jicho moja likiangalia njia, na nilipofika kwenye somo la kutosimamisha mkono, sauti yangu ilipungua. Mpaka sasa inapungua. Wanafunzi wangu wapya wanadhani ni tabia yangu, kwamba mwalimu wa gofu huzungumza polepole hapo.

Likizo ya mwezi wa sita tulikwenda kumsalimia mama huko Kisanga, mimi na yule msichana, kwa ruhusa ya mjomba wake. Tulishuka Mikumi, tukapata gari la kuelekea Kilosa, tukashuka tena na kutembea. Mama alikuwa amenenepa. Alitupikia wali na maharage, akasonga ugali pia kwa sababu hakuamini kwamba wali utatutosha, na nilimtazama akigeuza mwiko kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukishika sufuria. Alikuwa ameshazoea. Wajukuu wake walijaa mlangoni.

"Hawa ndio walionipiga," akawaambia, na watoto wakatutazama kwa heshima kubwa.

Tulipokuwa tunarudi, tumekaa Mikumi stendi tukisubiri gari la Kidodi, msichana akanunua karanga, akanigawia nusu. Akasema bila kunitazama, "Mwalimu, nikija wiki ijayo, nitaruhusiwa kusimama na kile kitambaa tu?"

"Utaruhusiwa."

"Sitaki kupiga."

"Usipige."

Alikuja. Alisimama na kitambaa muhula mzima, macho njiani, mgongo kwetu. Siku moja wenzake walipokwisha kuondoka na mimi nahesabu fimbo, alichukua ile ya kupigia mchangani bila kuniomba, akatazama njia, akatazama tena, akageukia kingo. Alichimbia miguu. Fimbo ilishuka polepole mno kwa maoni yangu, nikafungua kinywa kumrekebisha, nikakifunga. Mchanga uliruka, mpira ukapanda kiasi cha magoti na kuanguka mbele kidogo. Halikuwa pigo zuri. Alikwenda kuuokota, akaufuta kwa sketi, akautia kwenye ndoo, akaniaga.

Nilibaki pale nikisawazisha mchanga kwa mguu mpaka giza likaingia kwenye miwa, na nilikuwa na furaha, kisha nikaukumbuka ule mkono uliopinda ukishika sufuria kule Kisanga, na sikujua kama nina ruhusa ya kuwa na furaha hiyo.