Mkuyu Nilioutetea kwa Chuki

Sikuwahi kuupenda ule mkuyu. Jambo hili nimelikana mbele ya dada yangu, mbele ya wakazi wa mtaa wetu, mbele ya afisa wa mazingira wa kaunti, na katika makala mbili nilizoandika kwa machozi ya kalamu kuhusu kivuli chake. Ukweli ni kwamba ulinitesa. Ulisimama nje ya ua wangu hapo Milimani, kando ya barabara, karibu kabisa na mpaka wangu na wa jirani. Matunda yake yalianguka, yakaoza, yakaita nzi. Mizizi yake ilipasua bomba langu la maji, na bomba jipya nalo ikalipasua. Juu yake walilala ndege, yangeyange na kwarara waliotoka ziwani, na kila asubuhi nililikuta gari langu limepakwa chokaa. Kwarara wana sauti ya mtu anayeburuta kitanda cha chuma kwenye sakafu ya saruji. Nilitoka na ndoo na brashi, nikasugua kioo huku nikiutukana mti ule kwa lugha tatu, kisha nikarudi ndani kuandika jinsi wanadamu walivyopoteza mapenzi kwa miti.

Niliutetea kwa sababu jirani yangu alitaka ukatwe. Sababu nyingine sikuwa nayo.

Jirani huyu ana duka la vifaa vya ujenzi mjini. Kwao ni upande wa kati wa nchi, lakini amekaa Kisumu muda mrefu kiasi kwamba kichwa cha ngege, yule samaki wetu wa ziwani, anakimaliza kwa ustadi unaonishinda mimi binti wa hapa niliyezaliwa karibu na Pap Onditi. Kuna watu waliodhani namchukia kwa sababu ya kwao. Waliniudhi sana. Nilimchukia kwa sababu zake yeye mwenyewe, na nilikuwa nazo za kutosha. Alinunua ploti iliyopakana na yangu, akabomoa nyumba ya zamani iliyokuwa na maua mpaka kwenye paa, akasimamisha ghorofa ambalo madirisha yake yote yanaangalia jikoni kwangu. Mashine yake ya kuchanganya zege ilinguruma hata Jumapili. Siku nilipokwenda kulalamika, alivua kofia kwa heshima akaniambia, "Mwalimu, simiti haiendi kanisa."

Alikosea kwenye hesabu ya geti. Mkuyu ulisimama mahali palepale ambapo gari lingepaswa kuingilia. Nyuma ya ploti yake kulikuwa na kichochoro ambacho mvua ya masika ilikigeuza kuwa kidimbwi, na gari la kunyonya maji taka lisingeweza kupita huko. Alikuja kwangu jioni moja, akakaa kwenye baraza bila kukaribishwa, akanieleza kwa utulivu.

"Mwalimu, wewe ni msomi, utanielewa. Hii mti ikikaa hapo, sina geti. Nikikosa geti, sina wapangaji. Na hiyo nyumba ndiyo kila kitu niko nayo."

"Mti ni wa umma, Bwana."

"Umma gani? Hapa ni mimi na wewe na hawa ndege."

"Hata ndege ni umma."

Akaligeukia gari langu lililopakwa chokaa. "Naona umma imekutembelea," akasema, akainuka akaenda zake.

Kuanzia siku hiyo mkuyu ule nikauona mzuri.

Kwetu huku, mti ulio kando ya barabara ni mali ya kaunti. Anayetaka ukatwe hupeleka ombi, afisa huja kuutazama, kisha majirani huulizwa swali moja: una pingamizi? Chuo kikuu kilinipa shahada mbili, na hakuna hata moja iliyowahi kumzuia mtu kufanya kitu. Pingamizi lilizuia. Nilipoulizwa nilisema ninalo, tena kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye ghorofa. Afisa akasema basi itabidi kuwe na kikao cha wakazi, hapohapo barabarani.

Afisa mwenyewe alikuwa mwanamke mfupi, mwenye buti za mpira na uso wa mtu aliyekwisha kusuluhisha ugomvi wa miti mingi na asiyeona mmoja tofauti na mwingine. Aliamuru hema lisimamishwe ng'ambo ya barabara, mbali na mkuyu. Alikuwa amewaona wale ndege.

Kikao cha kwetu hakianzi bila maombi, na mwombaji ndiye aliyepewa heshima ya kufungua. Jirani yangu akafumba macho.

"Baba, tuko mbele zako. Ondoa kila kitu imesimama mbele ya milango ya watoto wako. Kama iko na mizizi, Baba, ng'oa. Kama iko na matawi, Baba, shusha. Na wale majirani wanaongea Kizungu mingi lakini upendo hawana, Baba, wafungue roho."

Watu wakasema amina. Hata mimi nilisema, kwa mazoea, nikajikuta nimeukata mti kabla kikao hakijaanza.

"Tumemaliza maombi," afisa akauliza, "ama hayo ndiyo yalikuwa maelezo ya mwombaji?"

Zamu yangu ilipofika nilizungumza vizuri. Hilo sijivunii, ni ugonjwa tu wa kazi yangu. Nilisema habari za jua la Kisumu saa nane mchana, za wanawake wanaopumzika kivulini wakitoka sokoni, za ndege ambao wasipokuwa na pa kulala mjini tutakuwa tumewafukuza wenyewe. Nilisema kwamba ikibidi nitajifunga mnyororo kwenye shina. Mama anayechoma mahindi pembeni akasema, "Yawa, mwalimu anajua kuongea," na nikalichukua hilo kama kura.

Jirani akainua mkono. "Lakini hiyo mti iko kwa ploti yangu. Ploti yangu inafika hapo."

Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza, maana kikao kilikuwa upande wangu. Lakini nilitaka ashindwe kabisa, mbele ya watu.

"Kama Bwana ana shaka," nikasema, "kaunti ilete sorveya. Mkuyu huu uko kwenye ardhi ya barabara. Ipimwe, tumalize."

Watu wakapiga makofi. Jirani hakupiga, lakini hakukasirika pia.

"Sawa," akasema. "Wapime. Wapime vizuri."

Wakati tukingoja upimaji, uhasama ulihamia kwenye kundi la WhatsApp la wakazi. Asubuhi moja niliona mafuta meusi yametapakaa kwenye mizizi. Nikapiga picha, nikaandika kwamba kuna mtu anaumwagia mti wetu sumu, na kwamba Mungu anamwona hata kama ana ghorofa. Kabla sijamaliza chai, jirani alijibu kwa picha yake: gari langu likiwa limeegeshwa palepale jioni iliyotangulia, na doa chini yake. Aliandika maneno machache tu: "Mwalimu, hiyo ni giaboksi yako." Kundi zima likaweka alama za kicheko, pamoja na dada yangu, ambaye haishi hata mtaani kwetu na hadi leo sijui nani alimwingiza.

Katika siku hizohizo malori ya maramu, ule udongo mwekundu wa barabara, yalikuwa yakipita nyuma ya ploti yake. Nilidhani anaanza ghorofa jingine. Niliandaa pingamizi.

Sorveya alikuja na vijana wake, utepe na nyundo. Kazi yao ilikuwa kutafuta bikoni, vile vyuma vilivyozikwa zamani kuonyesha ploti inaishia wapi na barabara inaanzia wapi. Bikoni ya jirani ilipatikana haraka, ndani kidogo ya mtaro. Mkuyu ulikuwa nje yake waziwazi, kwenye ardhi ya barabara, kama nilivyosema. Nilimtazama jirani aliyekuwa amesimama kwenye roshani yake na kikombe mkononi. Akainua kikombe kidogo, kama mtu anayekubali.

Kisha sorveya akavuta utepe kutoka kwenye ile bikoni kuja upande wangu, kutafuta ya pili. Utepe ukafika kwenye ua wangu na haukusimama. Kijana mmoja akaomba afunguliwe geti. Ukapita kwenye majani, ukapita kwenye maua, ukagonga ukuta wa chumba changu cha kuandikia. Wakazunguka nyuma ya chumba, upande wa nyumba, wakaondoa chungu changu cha mshubiri, wakachimba kidogo. Chuma kikalia: chumba chote kilikuwa kwenye ardhi ya barabara.

Chumba kile nilikijenga watoto walipoondoka nyumbani. Wakati huo kila mtu kwenye barabara yetu alikuwa akisogeza ua wake nje kidogo, nami nikasogeza wangu. Fundi aliniuliza, "Mama, bikoni iko wapi?" nikamwambia ajenge. Ndani ya chumba hicho ndimo nilimoandika zile makala mbili, moja ikiwa na aya ndefu kuhusu watu wanaonyakua mali ya umma.

Afisa wa mazingira, aliyekuwa amefuatana nao, akachukua kopo la rangi nyekundu, akachora alama ya X kwenye ukuta wangu. Hakuna Mkenya anayehitaji kuelezwa kwamba X hiyo ni ya kubomolewa.

"Lakini mlikuja kupima mti," nikamwambia.

"Ni wewe ulisema tupime, mama."

"Nilisema mti."

"Laini ni moja. Haiwezi kupita kwa mti halafu iruke nyumba yako." Akafunika kopo. "Unaweza kuomba chumba ikae mpaka siku barabara itapanuliwa. Wengine wanaruhusiwa. Lakini lazima tuulize jirani kama ako na pingamizi."

"Jirani yupi?"

Alitazama juu, kwenye roshani.

Nilipeleka ombi langu, kisha nikangoja siku kadhaa, nikijiambia kwamba mtu mzima hawezi kukumbuka mambo madogo. Halafu nilivaa viatu vizuri nikaenda dukani kwake. Safari hii nayo niliikana. Dada yangu aliponiona mjini nilimwambia natafuta misumari.

Jirani alikuwa nyuma ya kaunta, kati ya mabati na mabomba. Akanisogezea kopo kubwa la rangi nikae. Nilikaa. Wateja waliingia na kutoka, naye akawahudumia wote kwanza, hata mtu aliyetaka skrubu tu, mpaka wakaisha.

"Karibu, mwalimu. Leo umekuja kwa umma?"

"Nimekuja tuzungumze kama watu wazima. Mimi nitaondoa pingamizi langu kwenye ombi lako. Wewe usiweke lako kwenye ombi langu. Utakata mti wako, mimi nitabaki na chumba changu."

"Mti yangu?"

"Bwana, tafadhali."

"Na ndege je?"

"Ndege wana mabawa. Watahamia Otonglo."

"Na wale wamama wanapumzika kwa kivuli?"

Akainama chini ya kaunta, akatoa mnyororo mnene, akauweka mbele yangu kwa kelele. "Ulisema utajifunga kwa hiyo mti. Mimi nilikuwekea. Tunauza kwa mita."

Msaidizi wake akacheka ndani ya kikombe cha uji. Nikasema nina haraka. Jirani akaniambia atafikiria, na akanisindikiza mpaka mlangoni kwa adabu kubwa kuliko yoyote aliyowahi kunionyesha. Adabu ile ndiyo iliyoninyima usingizi.

Asubuhi yake nilikaa kwenye chumba changu, nikitazama ukuta kwa upande wa nyuma wa ile X, kama mtu anayesoma barua iliyogeuzwa. Niliwaza jinsi nitakavyoueleza mtaa kwamba nimebadili msimamo. Nilikuwa tayari na maneno: usalama, matawi makavu, watoto wanaopita chini yake. Nilikuwa nimefika aya ya pili ya makala mpya, na nadiriki kusema ilikuwa nzuri, simu ilipolia.

"Mwalimu, umeamkaje?"

"Salama, Bwana."

"Nimetoka kwa ofisi ya afisa sasa hivi. Nimeondoa ombi yangu. Mti ibaki."

Nje, kwarara walikuwa wakiburuta vitanda vyao. Nilimwomba arudie, akarudia polepole zaidi, kama anayemsomea mtoto.

"Lakini geti lako?" nikauliza.

"Geti nimeweka nyuma. Ile njia nimejaza maramu, nikaweka kalavati maji ipite chini. Lori inaingia mpaka ndani. Wewe ulinifunza, mti ni ya umma. Wapangaji wamependa hata, wanasema kuna hewa."

"Na chumba changu?"

"Waliniuliza kama niko na pingamizi."

"Ukawaambia nini?"

"Nikawaambia niko nayo." Akakohoa kidogo. Nilisikia mtu akimwuliza bei ya misumari, naye akamjibu bila kuiondoa simu mdomoni. "Mwalimu, uko? Wanakuja wiki ijayo kubomoa. Hao wa kaunti wanavunja ovyo, hawabakishi jiwe. Mimi niko na vijana wanaweza kutoa mawe moja moja, utatumia tena. Nikuletee?"

Nikamwambia awalete.