Prolaktini ya Minza Ilipimwa Mara Mbili

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati moja ya Ngulyati, Mkuu wa Maabara alinikuta mlangoni nimeshika cheti cha kidato cha nne. "Dada, hicho weka kwenye mkoba," alisema. "Hapa utajifunza kutoamini. Mgonjwa anaficha, mashine inakosea, na wewe utachoka. Kabla hujatoboa mkono wa mtu, muulize maswali." Nikawa msaidizi wa maabara. Baadaye nilihamishiwa Lamadi, nikapima malaria na kichocho miaka mingi, kisha Bariadi mjini. Hapo ndipo nilipokosea.

Kipimo cha prolaktini kilitufikia mimi nikiwa tayari navaa miwani. Prolaktini ni homoni inayotoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo, nayo huamuru maziwa yatengenezwe. Kwa mjamzito na anayenyonyesha hupanda, na ni sawa. Ikipanda kwa mwingine, hedhi inaweza kukatika na maziwa yakatoka bila mtoto. Sisi tulitoa damu, tukaizungusha kwenye mashine mpaka majimaji ya juu, yaani seramu, yajitenge, tukayatuma Mwanza.

Asubuhi moja alikuja Minza, mke wa mkulima wa pamba wa Kasoli, akiongozana na mama mkwe wake.

"Wangaluka, mayu," yule mama alinisalimu kwa Kisukuma, kisha akaendelea bila kushusha sauti. "Huyu ana maziwa. Mtoto yuko wapi? Kamzalia wapi, kamtupa wapi? Pimeni mseme."

Minza alitazama sakafu. Kipimo cha mimba kilionyesha hana. Foleni ilikuwa ndefu; nikamfunga mpira mkononi, nikatoa damu ya prolaktini, sikuuliza kitu. Jibu lilirudi likiwa juu. Nikasaini. Mama mkwe akalifunga kwenye pindo la kitenge. "Maabara imesema," alisema. Ukoo ukapanga kukutana Jumapili ili Minza arudishwe kwao.

Dada yangu alirudishwa nyumbani hivyo hivyo, kwa maziwa hayo hayo, enzi ambazo hatukuwa na kipimo. Tulimzika akiwa bado kijana, na mpaka leo sijui alikuwa na nini. Kwa hiyo karatasi ile haikunipa usingizi. Nilimwomba Mganga Mfawidhi, mkuu wa kituo chetu, tumwite Minza peke yake.

"Unakunywa dawa yoyote?" nilimuuliza.

"Vidonge vya kuzuia kutapika. Nilinunua duka la dawa, mwezi sasa."

"Na matiti, kuna mtu anayagusa?"

"Mama mkwe ananikamua kila asubuhi, kama anayejaribu ng'ombe. Siku ile alinikamua kwenye choo chenu, kabla hatujaingia kwako."

Mganga Mfawidhi alinigeukia. "Mama, umepima vidonge na mkono wa mkwe." Vyote viwili hupandisha prolaktini; hata hofu huipandisha. Alisimamisha vidonge, akasema turudie baada ya wiki chache, asubuhi, mgonjwa akiwa ameamka saa kadhaa na amepumzika.

Jumapili nilikwenda Kasoli. Niliwaambia wazi kwamba nilikosea kutouliza, na kwamba kipimo kile hakisemi kama mtu amezaa.

"Amekupa nini huyu?" shemeji yake Minza alifoka.

"Juzi mlisema hivi, leo mnasema vile," mama mkwe alisema. "Uongo ni upi?"

Mume wa Minza alimtazama mama yake. "Mama, kweli unamkamua?"

"Ningejuaje kama maziwa bado yapo?"

Mume akaugeukia ukoo. "Basi asiguswe. Atakaa mpaka karatasi ya pili."

Safari ya pili nilimkalisha nusu saa kabla ya kumtoboa. Mama mkwe alisimama nyuma yangu, akaniamuru nisome jina kwenye tyubu kwa sauti. Nilisoma. Jibu likaja la kawaida, na maziwa yalikuwa yamekauka.

Sasa nimestaafu. Ninyi mnaoanza mna mashine nzuri kuliko zetu. Bado haziwezi kumuuliza mtu alichofanyiwa asubuhi. Minza yupo kwake mpaka leo. Tukikutana mnadani ananisalimia kwa heshima, anauliza hali ya nyumbani. Lakini nilipokuwa bado kazini, kila alipougua alikwenda kupimwa kwingine, na sikuwahi kumuuliza kwa nini.